Sponji ya Glavu ya Mwisho

Broken Bow, Nebraska
4 Juni 1988

Mwalimu Coble,

Nakuandikia kwa sababu simu haina faida tena kwangu. Binti yangu Nadine hupiga kelele kwenye simu hadi ng'ombe wanageuka, na mimi nasikia nyuki tu. Daktari anasema ni trekta. Basi, barua haihitaji masikio.

Habari yenyewe ni hii. Klabu yetu ya besiboli ya Wahunzi inafungua chumba kipya cha kumbukumbu pale uwanjani Calder, tarehe 20 Agosti. Chumba cha warushaji wenye nguvu, si hawa wa ujanja wanaopindisha mpira kama mtu anayetupa mkate. Wale wa moto. Tangu klabu ianze wamechagua watano, na ukuta mmoja mzima ni wangu. Misimu kumi na saba. Ushindi 241. Michezo mitatu ambayo hakuna mpigaji aliyenipiga hata mpira mmoja wa maana. Halafu ile namba: wapigaji 2,997 niliowatoa mikono mitupu, wakarudi kukaa na magongo yao kama walivyokuja.

Elfu tatu kasoro watatu. Unakumbuka mwaka 1966 ni nani aliyekuwa amepita elfu tatu? Walter Johnson peke yake, na alikuwa ameshazikwa miaka ishirini. Mimi ningekuwa wa pili katika historia yote ya besiboli. Leo wako kumi, na yule Ryan wa Houston amepita elfu nne na nusu na bado anarusha. Nani atanikumbuka mimi niliyekwama mlangoni?

Wameniomba nihutubie, nami nitahutubia. Kocha Ostrander atakuwepo. Ana miaka themanini na minne, watamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mstari wa mbele. Nimengoja miaka ishirini na miwili kumwambia mbele za watu: wewe uliniondoa kwenye kichuguu cha kurushia zamu ya sita kati ya tisa, siku ya mwisho ya msimu wangu wa mwisho, nikiwa nimebakiza watatu. Aeleze kama ulikuwa wivu au ukaidi.

Wanataka pia ile glavu uliyonidakia msimu ule, pamoja na sponji yake ndani, watu waone mdakaji wangu alivyokuwa akikinga mkono wake. Itume kwa posta.

Dell Krantz

*

Gallipolis, Ohio
15 Juni 1988

Ndugu yangu Dell,

Barua yako imefika, na nimeisoma mara mbili. Verna anakusalimu na anauliza kama bado unakula mahindi ya kuchemsha kwa kuhesabu.

Najua Nadine ndiye atakayekunakilia mwandiko wangu kwa herufi kubwa, kwa hiyo nimweleze yeye habari ya sponji, maana alikuwa mdogo. Nadine, baba yako alisimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya kiwanja, nami nilichutama nyuma ya mpigaji, hatua ishirini hivi kutoka kwake. Mpira wake ulifika kwangu katika muda usiofika nusu sekunde. Ukitaka kujua ni muda gani, funga macho na kuyafungua. Msimu wa kwanza, kiganja changu cha kushoto kilivimba nikashindwa kushika uma. Mdakaji mmoja mzee akanifundisha kuweka kipande cha nyama mbichi ya ng'ombe ndani ya glavu. Ilisaidia, ila kufikia zamu ya saba wakati wa joto, mpigaji alikuwa akinisogelea anaziba pua. Ndipo nikahamia sponji.

Siku zile hapakuwa na mashine ya kupima mwendo wa mpira. Tulipima kwa sikio. Mpira wa baba yako ulipoingia katika glavu yangu, watu wa viti vya juu kabisa walikuwa wakisema "ah" baada ya mlio, si kabla. Yeye mwenyewe alikuwa akiusikiliza. Akirusha, huinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, kama mwenye duka anayesikiliza kengele ya mlango.

Sasa Dell, kuhusu Ostrander. Mwache mzee. Makocha huwa na sababu zao ambazo hawaziandiki mahali popote. Atakuja pale kwa sababu alikuheshimu. Zungumzia ile michezo mitatu, zungumzia theluji ya Aprili 1957 ulipotoa watu kumi na sita huku mikono imekufa ganzi. Watu watafurahi.

Glavu iko darini, mahali fulani. Nyonga yangu haipendi ngazi. Nitaangalia.

Wako,
Ezra Coble

*

Broken Bow
24 Juni 1988

Mwalimu,

Umeandika kurasa tatu, umemfundisha Nadine, umeniletea na nyama mbichi, lakini glavu haimo. Ulikuwa hivyo hivyo hata uwanjani. Mtu anakuuliza saa, unamweleza jua linavyozunguka.

Usinipangie hotuba. Imeshaandikwa, na Nadine ameipiga chapa. Hapa nakunukulia: "Bwana Ostrander, nilikuwa na mkono mzima siku ile. Mdakaji wangu ni shahidi. Mlio wa glavu yake ni shahidi. Uliupiga kufuli mkono uliokuwa bado unafanya kazi, na hujawahi kunipa sababu."

Nadine anasema ni ukatili kumwambia hivyo mtu wa kwenye kiti. Nikamwambia yeye alinifanyia nikiwa nimesimama, tena mbele ya watu elfu thelathini na mbili.

Mlio ule ndio kitu ninachokikosa kuliko vyote, Ezra. Sisikii ndege wala mvua ya bati. Lakini nikifumba macho mlio wa msimu ule wa mwisho naupata vilevile. Ulikuwa mkali kuliko wa 1955. Mkali kuliko wakati wowote. Mtu wa namna hiyo huondolewa?

Panda ngazi hiyo. Au mtume mtu.

Dell

*

Gallipolis
6 Julai 1988

Dell,

Glavu hii hapa kwenye kifurushi, na sponji imo ndani. Ngozi imekauka kidogo, waambie wasiipake kitu.

Nakuomba tena kuhusu hotuba. Sitaandika zaidi leo.

Ezra

*

Broken Bow
14 Julai 1988

Ezra,

Hii siyo.

Unadhani nimekuwa kiziwi mpaka macho? Aprili ya 1966, kwenye treni, kamba ya glavu yako ilikatika, nikavua kamba nyekundu ya kiatu changu nikakushonea mwenyewe. Ulinicheka kwamba nashona kama mtu anayefunga gunia. Hii uliyotuma ina kamba nyeusi. Hii ni ya 1958 au 1959, ina hata doa la kahawa uliyomwagiwa na yule mwamuzi.

Ama umezeeka, ama umeiuza kwa mkusanyaji na unaona haya, ama kuna kitu hutaki nikione. Umeshika mpira wangu misimu kumi na sita na hukuwahi kunidanganya. Usianze sasa.

Niambie ni lipi.

Dell

*

Gallipolis
22 Julai 1988

Dell,

Safari hii usimpe Nadine. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe.

Glavu ya kamba nyekundu iko mezani mbele yangu. Haijawahi kupanda darini. Imekaa kwenye droo ya meza niliyosahihishia mitihani ya fizikia ya watoto wa watu kwa miaka kumi na tisa, na nimekuwa nikiiona kila nikitafuta kalamu. Sikuituma kwa sababu haina sponji. Msimu ule wa mwisho haikuwa nayo.

Niliitoa wiki ya pili ya Mei. Tulikuwa nyumbani, Calder, jua kali. Katika zamu ya nne nilidaka mpira wako wa moto, ule wenyewe, nikangojea maumivu kwenye kiganja, hayakuja. Nikafikiri ni sponji mpya. Siku iliyofuata nikaitoa, nikadaka bila sponji. Nilisikia ngozi tu. Mkono wako ulikuwa umekwisha, ndugu yangu. Si wote, lakini ile sehemu iliyokufanya kuwa wewe.

Na wewe ulikuwa ukisikiliza. Kila ukirusha unainamisha kichwa. Ulianza msimu ukihitaji watu 121 kufikia elfu tatu, na nilijua kwamba siku utakayosikia mlio umefifia, utajitoa mwenyewe kesho yake, au utaanza kurusha kwa hasira na kukata kitu ndani ya kiwiko. Basi nikafanya hivi. Nilifungua mshono, nikatoa manyoya yote yaliyojazwa katikati. Nikapaka mafuta pale tumboni mwa glavu kila jioni na kuipiga kwa kitako cha gongo hadi ikawa nyembamba kama soksi. Kisha nikaacha kudaka kwa kiganja, nikadaka kwa pale penye ngozi tupu. Glavu ya namna hiyo hulia hata ukiitupia chungwa. Ndiyo maana mlio wa mwaka ule ulikuwa mkali kuliko wa 1955. Ulikuwa unasikia glavu yangu.

Nilidhani nakusaidia. Tarehe 2 Oktoba nikaona nilichokifanya. Ulianza siku ukiwa umebakiza sita. Ukawatoa watatu kwa shabaha na moyo, na uwanja mzima ukasimama. Halafu katika zamu ya nne yule mpigaji wao mkubwa aliurudisha mpira moja kwa moja, ukapita sikioni kwako. Baadaye uliniambia uliuona. Hukuuona, Dell. Niliona glavu yako ikipanda wakati mpira ulikuwa umeshatua nyuma. Mrushaji wa moto hana shida hiyo, kwa sababu wapigaji huchelewa. Hawakuwa wakichelewa tena. Na yule mtu alikuwa apige tena zamu ya sita, akiwa wa tatu kwenye foleni.

Ulikuwa unasimama pale ukiamini una silaha, na aliyekuaminisha ni mimi.

Zamu ya tano ilipokwisha nilikwenda benchi nikakaa karibu na Ostrander. Nikamwambia, "Mtoe." Akasema, "Amebakiza watatu, Ezra. Watanichoma moto." Nikampa glavu. Akaingiza mkono, akabonyeza, akanitazama. Nikamwomba asikwambie. Akanirudishia glavu. Katika zamu ya sita, baada ya mpigaji wa kwanza, akapanda kwenye kichuguu kuchukua mpira mkononi mwako, nawe ukamwita jina ambalo sitaliandika hapa. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwenu, kinyago usoni, nikitazama viatu vyangu.

Sijawahi kupata ujasiri wa kusema. Kwanza ulikuwa na hasira, baadaye ulikuwa na shamba, baadaye ilikuwa muda mrefu mno. Nakutumia glavu pamoja na barua hii. Uifanye utakavyo. Lakini usimhutubie yule mzee kwa kosa langu.

Ezra

*

Gallipolis
9 Agosti 1988

Dell,

Posta wanasema kifurushi kilipokewa tarehe 28 na kusainiwa na Nadine. Sidai jibu. Nilitaka tu kujua kama u mzima.

Sitakuja Calder tarehe 20. Si nyonga.

Ezra

*

Broken Bow
23 Agosti 1988

Mwalimu,

Ni mzima.

Nilikaa na barua yako siku kumi bila kumwonyesha Nadine. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Nilikusema mbele ya ng'ombe wote arobaini kwa jina. Si kwa kuniondoa. Kwamba ulichukua masikio yangu mwenyewe ukayatumia kunidanganya miezi mitano, na sasa sina hata hayo masikio ya kukagua.

Siku ya kumi na moja nikasema, huyu mtu amekuwa na tabia za mwalimu maisha yake yote, labda ameongeza chumvi. Nikamwita Nadine ghalani. Nikavaa glavu ya kamba nyekundu, nikamwambia anirushie mpira kutoka hatua kumi na mbili. Akapiga kelele, "Baba, utavunjika." Nikamwambia arushe. Unamjua Nadine, anarusha kama anayetupia kuku punje. Nilidaka pale uliposema, penye ngozi tupu.

Ezra, niliisikia. Mimi, na masikio haya. Ililia kama bunduki, njiwa wote wakatoka darini. Nadine akaogopa akafikiri amenipiga. Tukarudia mara ishirini. Jioni nikampa asome barua yako.

Haya, Calder. Nilifika mapema, kabla ya watu, nikamkuta Ostrander yuko peke yake kwenye kiti chake mbele ya ukuta wangu, anasoma. Amekuwa mdogo, shingo imebaki kama ya bata. Nikampa glavu bila kusema kitu. Aliingiza mkono, akabonyeza, akacheka. Alikuwa anasema maneno, mimi sisikii. Nikampa ratiba ya sherehe na penseli. Nimeihifadhi, nakunukulia alivyoandika:

"Nyembamba kama siku ile. Kumbe amesema."

Nikamuuliza kwa nini alikubali nimchukie miaka ishirini na miwili. Akaandika: "Mrushaji akikosana na mdakaji, hana tena mtu. Akikosana na kocha, ana watu wengi wa kukaa naye." Halafu chini yake, kwa herufi ndogo: "Na lile jina uliloniita lilikuwa sahihi kiasi."

Nadine alikuwa ameshika hotuba yetu kwenye mkoba. Nilipoitwa, niliiacha humo humo. Nilisema sentensi mbili. Kwamba nilirusha misimu kumi na saba, na kwamba kama nimesimama hapa na kichwa kizima ni kwa sababu ya kocha aliyejua siku ya kuchukua mpira mkononi mwangu. Nikashuka. Nadine anasema makofi yalikuwa marefu. Mzee alikuwa anapangusa miwani.

Glavu nimewaachia. Msichana wa chumba kile aliniandikia kuuliza sponji iko wapi. Nikamwambia aandike kwamba mwaka huo mdakaji hakuihitaji. Alifikiri nakusifia ugumu wa mkono. Nikamwacha afikiri hivyo.

Sasa swali, nalo unijibu kama mwalimu, usinibembeleze. Msimu ule nilitoa watu 118. Kama mlio ulikuwa wako, ngapi kati ya hao ni wangu? Nimekuwa nikiamka na namba hiyo. Sitaki ukuta wenye uongo.

Dell

*

Gallipolis
31 Agosti 1988

Dell,

Verna alinikuta nikisoma barua yako nimesimama pale pale kwenye sanduku la posta, akadhani kuna msiba.

Jibu la swali lako ni 118. Wala sikubembelezi, na nitakuonyesha kwa nini. Chora mstari. Weka wewe mwanzo wa mstari, mpigaji karibu na mwisho, na mimi nyuma yake. Mpira unaondoka kwako, unamfikia mpigaji kwanza, kisha unafika kwangu. Mlio hutokea kwangu. Maana yake, kila mara glavu yangu ilipolia, mpigaji alikuwa ameshakosa. Mlio hauwezi kurudi nyuma ukamkosesha mtu. Niliweza kukudanganya wewe tu, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unasikiliza baada ya kazi kuisha.

Wale 2,879 wa kwanza uliwatoa kwa moto. Hawa 118 uliwatoa bila moto, kwa shabaha, kwa kujua nani anaogopa mpira wa juu na nani hana subira. Nilifundisha watoto fizikia kwa miaka kumi na tisa, na ukinilazimisha kuchagua, nitakuambia hao 118 ndio walionishangaza zaidi. Siku moja nilitaka kukuambia hivyo, lakini ningelazimika kukuambia na mengine.

Sponji ya Mei ile pia ninayo. Ilikuwa kwenye droo ile ile, chini ya glavu. Imekuwa ngumu kama mkate wa wiki mbili.

Sijui kama naweza kuomba lolote.

Ezra

*

Broken Bow
8 Septemba 1988

Mwalimu,

Nimechora mstari kwenye mlango wa ghala kwa chokaa. Nimesimama mwanzo, nikamweka Nadine katikati na ndoo mwisho. Uko sahihi. Inauma kiasi gani wewe kuwa sahihi, hujui.

Mahindi yatakuwa yamevunwa kufikia wiki ya pili ya Oktoba. Njooni wewe na Verna, treni inasimama Hastings, Nadine atawachukua. Ile glavu yako ya uongo ya kamba nyeusi iko hapa, imetundikwa kwenye msumari. Kichuguu nimeshakirundika nyuma ya ghala, na hatua nimepima. Nina miaka sitini na mitatu na bega linalia kama bawaba, lakini nitakurushia mitatu tu. Unajua ni mitatu ya nini.

Lete sponji. Hutaihitaji, lakini iweke ndani.

Dell